Duara Lisilotokea

Nepi ililetwa saa mbili asubuhi
imefungwa ndani ya mfuko wa sukari.
Aikande alitembea nayo kutoka Pasua
kwa uangalifu, kana kwamba kabeba mayai.
"Haumwi," akasema. "Ananyonya mpaka nachoka."
Nikaandika: Ndewirwa, mvulana, wiki sita.
Dawa alizowahi kutumia: hakuna.

Nikapaka sahani. Nikapanga juu yake
visahani vya karatasi, kila kimoja na dawa yake,
kama kete kwenye bao,
nikafunga kabati la joto, nikaenda kulala.

Kesho yake nilitafuta maduara,
ule uwanja mtupu dawa inapofyeka.
Kwenye karatasi nne hapakuwa na uwanja.
Utando wa rangi ya maziwa
ulikuwa umefika mpaka kwenye dawa, ukailalia,
kama magugu yanavyomeza masale ya mpakani
mwenye kihamba akihamia Dar.

Jina alipewa na ukoo, la babu mzaa baba.
Mtori wa mama ulitoka kwa shangazi.
Hawa nani alimpa?
Shuka la wadi? Mikono yetu?
Mfereji unaopita nyuma ya mabanda
ambako kuku hunyweshwa dawa ya njano
kila Jumatatu, wasije wakaumwa?

Au droo ya jikoni kwangu.
Mna vidonge vinne vya rangi mbili,
masalia ya kikohozi kilichokwisha siku ya tatu.
Nilivinunua dirishani, karibu na stendi:
"Nipe za jero."
Muuzaji hakuuliza naumwa nini.
Nami mwenye koti jeupe
sikumwambia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Basi na hawa tumewalea,
kwa nusu dozi, kwa robo dozi,
na wamekua.

Ijumaa Aikande alirudi kuchukua majibu.
Nilinawa mara mbili kabla ya kumpokea mtoto.
Mzito. Shingo imeanza kukaza.
Akashika kidole changu, hakukiachia.
Nikaeleza: si mgonjwa, ni mbebaji;
huenda wakakaa, huenda wakaondoka wenyewe;
ila siku akiugua kweli
aseme mapema kwamba hawa hawasikii dawa.
Alitikisa kichwa, anaelewa, anaelewa.
Mtoto akacheua begani kwangu.

Mama akafungua pindo la kanga,
akahesabu noti, akazinyoosha juu ya goti.
"Sasa, daktari," akauliza,
"nimnunulie dawa gani?"