Kisu cha Egesa

Springi ya lori lililofia Awasi
na msumeno wa mbao uliong'oka meno:
Egesa alivilaza pamoja makaani, hapo Kibuye,
akavigonga vikashikana,
akavikunja kama chapati, akagonga, akakunja tena,
mpaka nikachoka kuhesabu, nikaenda kununua chai.

Kipini ni cha mpera. Pete ni ya shaba,
ya bomba ambalo sikuuliza lilitoka kwa nani.

Kisha akakizamisha kwenye maji ya betri,
ndani ya kopo la rangi. Tukangoja.
Kikatoka na mawimbi,
mstari mweusi, mstari wa kijivu,
yakikimbilia ncha kama ziwa lililoona upepo.
"Mimi sikuyachora," alisema. "Yalikuwemo."

Nikampelekea mama, mezani pake Dunga.
Alikigeuza mara mbili.
"Kizuri. Kinakata?"
Akakitia tumboni mwa mbuta.

Mwezi wa pili mawimbi yalikuwa yameisha,
yamelambwa na magamba na jiwe la kunolea.
Nikaona haya, kama niliyempa mama zawadi ya rangi.
Nilipomshtaki Egesa kwa Egesa mwenyewe,
aliuliza tu: "Huwa anakata ndimu?"

Jumamosi nilimkuta akimkamulia mteja ndimu juu ya ngege,
kisu kimelala ubaoni, kimelowa ile chachu.
Mstari mmoja ulikuwa umerudi karibu na kipini.
Nikainama. Wa pili.
Mama akakichukua, akakipangusa kwa leso,
akaniuliza natafuta nini
kwenye kisu cha watu walio kazini.