Marehemu Yuko Jikoni

Nilifariki Jumanne, baada ya adhuhuri,
hapa Maabela, nikifungua pakiti ya tui.
Simu ilikuwa kwenye chaji juu ya friji,
ikitetemeka kama mwenye homa.

Taarifa ilisema nimeanguka ghorofa ya nne.
Nyumba hii ina ngazi moja, na juu kuna tangi la maji tu.
Nikipanda kuanika nguo naiona Sib yote,
kuta nyeupe, viyoyozi vinavyodondosha machozi.
Lakini nani wa kuhesabu ghorofa kutoka Muheza?

Picha ni yangu, siwezi kuikana:
Idi ndogo iliyopita, ushungi wa rangi ya chungwa,
nacheka kwa utani wa mtoto wa nyumba hii.
Wamemkata mtoto, wakaweka mshumaa na ua jekundu.
Chini yake: Tuma kwa makundi kumi. Usipotuma huna imani.

Wakatuma.
Kundi la ukoo likatuma, kundi la kikoba,
kundi la tuliomaliza darasa la saba pamoja.
Hata Semkiwa, mwenye deni langu la laki mbili,
akaandika: Dada alikuwa na moyo wa dhahabu.
Moyo wa dhahabu, na deni akalizika nami.

Bi Shinuna, mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Wete,
ilimfikia saa tisa kutoka kwa mpwa wake wa Ajman.
Miwani ameikalia, hajui iko wapi.
Akaishika simu mbali na macho,
akanisomea tanzia yangu neno kwa neno, analia kwelikweli.
"Maskini mtoto wa watu! Kafa ugenini.
Hebu niletee maji, mwanangu, koo lanikauka."
Nikamletea.
Alipomaliza kunywa, alikuwa keshaituma Wete na Nizwa.

Nikarekodi sauti: Jamani, ni mimi, Mwantumu, mzima,
wali uko motoni.
Kimya.
Kisha mjomba Shekue akajibu:
Matapeli hao! Siku hizi kompyuta yaiga hata sauti ya maiti.
Msitume pesa.
Nikapiga kwa video. Mtandao ukaganda, mdomo wangu wazi.
Mnaona? wakaandika. Hata hapumui.

Kule Kicheba turubai lilishafungwa,
sufuria za msikiti zimeazimwa,
rambirambi imeandikwa daftarini, laki tatu na arubaini,
na mbuzi wangu, yule wa mshahara wangu wa kwanza,
alikwisha kuchinjwa kwa ajili yangu.

Mama hana simu ya kutelezesha kidole.
Ana ile ya tochi. Usiku nikaipigia hiyo.
Hakusema haloo. Alipumua tu.
Kisha, taratibu, kama anayepapasa kitu gizani:
"Kama wewe ni Mwantumu,
siku ile sukari ya futari ilipomwagika, nilimpiga nani?"
"Ulimpiga Kibwana, mama.
Na mimi ndiye niliyeimwaga."

Miaka ishirini sikuwa nimeyatamka hayo.
Kibwana alilala na njaa, mgongo umevimba,
kwa maneno yangu matano niliyoyasema
nikiwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, inanata.

Simu ikaanguka. Nikasikia kuku, vigelegele,
mtu akiuliza sasa huu wali uliwe au usiliwe.

Mjomba alituma masahihisho kwa kundi moja tu.
Yalipata dole gumba mawili.

Tanzia yenyewe ingali inatembea.
Juzi imenirudia kutoka kwa nambari ya Doha nisiyoijua,
na amri ileile ya makundi kumi.
Mtu huko kanililia. Mungu amlipe.
Ushungi ule umepauka sasa, naufutia vumbi la madirisha.

Kibwana nimemtumia sauti, dakika moja na nusu.
Tiki mbili, za buluu.
Nimeosha vyombo, nimeanika, nimeshuka,
hajanijibu.