Mfuko wa Ndani

Adriko wa kubadilisha fedha alileta koti lake la kijivu
asubuhi ya Jumanne, kabla sijaitia cherehani mafuta.
"Nishonee mfuko wa ndani, upande wa kushoto."
Wa kutia nini? nikauliza.
Fundi lazima ajue mzigo, kama mchukuzi:
kalamu ina mfuko wake,
noti za Kongo, zilivyochakaa, zinataka bitana nene.
Akatazama barabara ya Ediofe, huku na huko,
akaiweka mezani, kati ya chaki na vifungo.

Miaka ishirini na sita nashona hapa Arua.
Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi,
suti ya marehemu aliyepimwa akiwa amelala.
Bastola sikuwahi kuipima.
Nilishika futi kwa ncha za vidole:
urefu inchi saba, kimo inchi tano,
uzito, sema, pakiti ya sukari ya kilo.

"Nitatia kifungo," nikasema. "Au zipu."
Akacheka. "Mwizi atanisubiri nifungue kifungo?"
Alikuwa ameporwa mara mbili njia ya Vurra;
mara ya pili wakamvua hata viatu,
akaingia mjini na soksi, watu wakimpa pole huku wakicheka.
Kibali anacho. Kina mhuri, na picha yake amekunja uso.
Mafunzo alipata nusu siku: chupa tatu juu ya kichuguu,
akavunja moja.
"Nataka mkono uingie, utoke. Basi."

Nikamshonea alivyotaka.
Mdomo mpana, satini laini isiyokwaza kitu.
Kazi safi, niliisifu mwenyewe.
Sikufikiri kwamba mfuko usio na kifungo
haumuulizi mtu jina.

Wiki tatu nilimwona akipita.
Koti likaanza kulalia kushoto,
naye kidogo kidogo akalifuata.
Akiinama kufunga kamba za kiatu, anashika ubavu.
Akisalimiwa, anashika ubavu.
Kwa Mama Ayikoru alikula enyasa mgongo ukutani,
akigeuza shingo kila kiti kilipokwaruza sakafu.
Siku moja kijana wa bodaboda alimgusa bega amrudishie chenji.
Mkono ukaingia kotini kabla ya uso kugeuka.
Kijana alibaki na sarafu kiganjani, midomo imekauka.

Kisha mvua ya Agosti. Umeme umekatika.
Driciru, mkewe, akaingia na koti ndani ya mfuko wa nailoni.
Hakuketi. Akaligeuza ndani nje.
Tundu lilikuwa chini ya mfuko, dogo,
kingo zake zimekauka kama mkate ulioungua.
Nayajua matundu. La msumari huchana, la panya hutafunwa.
Hili halikuwa na jamaa.

"Lilitundikwa nyuma ya mlango," akasema.
"Yeye anaoga."
Mvua ikachukua bati lote, tukangoja ipungue.
"Onzima ana miaka minne. Anajua baba akirudi
kotini kuna peremende. Alipanda kigoda."

Risasi ilipita kando ya goti la mtoto,
ikatoboa dumu la maji, ikazama sakafuni.
Driciru alikuta kitu kinatiririka kuelekea mlangoni,
akakodolea macho miguu yake mwenyewe, asithubutu kuinua uso,
mpaka alipojua kwamba ni maji.
"Amesimama. Mzima. Amelowa.
Lakini ukimwita upande huu, hageuki.
Ile kitu polisi wamechukua. Wewe uzibe huu mfuko."

Nikawasha taa ya mafuta, nikafumua mshono wangu.
Kwenye kona ya satini makasi yaligonga kitu kigumu:
peremende ya maziwa, karatasi imegandamana na kitambaa.
Baba mtu alizihamishia humo,
mifuko mingine ikiwa imejaa noti.

Nilimpa Driciru. Hakuipokea.
Ipo bado ndani ya kopo la vifungo.
Mteja akitaka kifungo cha kijivu, natia mkono,
na vidole vyangu huigusa hiyo kwanza.