Noti ya La

Kwa Obadia Mwadime, dereva wa maji, Ruwi

Kinanda ulikifunga mkanda kando yako, Obadia,
kama abiria aliyelipa,
na nyuma yenu galoni elfu tano za maji matamu
zikicheka ndani ya tangi kila kona ya Wadi Kabir.
Askari wa barabarani alikuuliza: huyu nani?
Ukamjibu kwa Kiarabu chako cha kuokoteza:
huyu mke wa pili, hana viza.
Akacheka hadi akasahau faini.

Ijumaa tulipewa ukumbi saa tisa hadi kumi na moja,
baada ya Wahindi wa Kerala, kabla ya Wafilipino,
viti vingali na joto la watu wengine.
Tulitoka mabohari ya Ghala, tulitoka majikoni ya Khuwair:
Kadzo na mikono inayonuka jiki,
Fanueli ndani ya sare ya ulinzi, hajalala bado,
mimi na simu isiyo na salio.
Hukuuliza nani anajua kuimba.
Uliuliza nani amekula.

Kisha noti.
Kitufe kimoja kilikuwa kimekufa, la ya katikati.
Ukikibonyeza, kimya.
Ukasema kinanda changu kina adabu ya kitumwa,
hakijui kusema la.
Hukukitengeneza. Fedha ya fundi, ulisema,
ni nusu ya dawa ya mtu.
Pale kinaponyamaza pana nafasi yenu. Ingieni.
Tukaingia, kwa woga kwanza,
sauti za watu walioitikia tu wiki nzima,
tukajifunza kuimba la.

Mkebe wa biskuti, kifuniko chenye picha ya farasi:
riali mojamoja, baisa za sarafu,
tiketi ya Wakesho aliyetoroka bila pasi,
sanduku la marehemu tusiyemjua hata jina la babake.
Mkataba ulitusomesha kabla ya wimbo.
Mshahara uko mstari huu. Siku ya kupumzika, huu.
Kama haupo usitie sahihi,
hata akikutajia Mungu.

Ulianguka Julai, kwenye foleni ya kujaza,
mpira mkononi, maji yakimwagika
na lami ikiyanywa kwa moshi.
Madereva wa Kipathani walikufunika kwa shuka zao.
Siku kumi na tisa chumba cha baridi
ukingoja muhuri.
Nikaufungua mkebe. Nikahesabu mara mbili.
Umejisafirisha mwenyewe, Mwalimu,
kwa hela ulizotuwekea sisi.
Nisamehe. Nilikasirika.

Bi Thuraya wa ghorofa ya chini,
aliyezaliwa Wete na hadi leo akikasirika hukasirika Kipemba,
aliyegonga dari kwa ufagio kila ulipopiga usiku,
ndiye aliyekaa nami ofisini tangu asubuhi,
buibui limemganda kwa jasho.
Alimwambia karani kwa Kiarabu,
akanigeukia anitafsirie:
"Nimemwambia huyu jirani yangu.
Jirani hana dini ya kungojeshwa."
Usiku ule nikiwa juu, nakunja mashati yako,
dari yake ikagongwa tena, mara tatu.
Nilisimama na shati mkononi.
Sikuwa na cha kupiga.

Kinanda kimebaki kwangu.
Fundi Mbangali wa nyuma ya soko alikifungua, akakilehemu,
akakataa malipo; tangi lako liliwahi kusimama kwake
siku bomba la mtaa lilipokauka.
Akabonyeza la. Ikalia, safi, ngeni.
Nikaogopa.

Jana, Ijumaa, tulifika pale.
Kidole changu kikashuka.
Kadzo akaingia, Fanueli akaingia,
na wasichana watatu waliotua juzi
ambao hawakukuona kamwe
wakaingia kwa nguvu zote, vifua wazi:
la.

Sijui kama kitufe kimepona.
Sikukisikia.