Milimita Sita

Daktari Xue aligeuza kioo cha kompyuta nijionee.
"Hapa," akasema, akigusa kwa ncha ya kalamu
kitone cheupe katika pafu la kulia,
kama punje ya choroko.
Mimi nimepika uji wa choroko miaka thelathini,
kila kiangazi, sufuria nzima,
kwa wachomeleaji wa zamu ya usiku.
Nikawaza: basi hii moja ilikosea njia.

"Ni saratani?"
"Hatujui."
"Mtaikata?"
"Bado ndogo mno."
"Sasa?"
"Rudi baada ya miezi sita."
Na chini ya tarehe, kwa mwandiko wa mbio:
mazoezi ya pumzi, ua wa nyuma, saa moja asubuhi.

Shenyang, mwezi wa kumi na moja.
Moshi wa makaa unanusika kabla haujaonekana.
Tuko kumi na wawili, makoti yametuumua
kama mikate ya mvuke,
kila mtu na choroko yake.
Bwana Gu anazo mbili, huzitaja kama wajukuu.
Kijana Ruan yake ilionekana kwenye vipimo vya kuombea kazi:
kazi akapata, usingizi akapoteza.

"Beba mbingu kwa viganja," asema muuguzi Miao.
Tunaibeba. Nzito, rangi ya sufuria kuukuu.
"Vuta upinde, umlenge tai."
Tai hayupo. Yupo ndege mweusi-mweupe juu ya waya,
anatutazama kama karani anayesubiri tumalize.
Navuta hivyo hivyo, bila uzi, bila mshale,
na mbavu zinaachana polepole
kama vidole vya mtoto anayeamka.

Kisha sauti ya mapafu, ile ya mwisho,
meno yamekaribiana, ulimi umelala:
siiii
si mgonjwa
siiii
si mzima
siiii
si leo.
Mvuke kumi na mbili unapanda, unachanganyika,
hujui upi umetoka kifua gani.

Miao hakutudanganya hata siku moja.
"Haya hayayeyushi kitu," alisema,
"na atakayewaambia yanayeyusha anataka pesa zenu.
Haya ni ya yule aliyebeba kinundu,
si ya kinundu."

Usiku, saa tisa, mkono wangu ulikuwa mlinzi,
umekaa kifuani, unagonga mlango usio na mlango.
Jumapili mwanangu Hongtao hupiga simu kutoka Dalian:
"Mama, wakikate tu, tupate amani."
Amani ya nani, sikumuuliza.
Nilimhesabia pumzi. Alidhani simu imekatika.

Mwezi wa pili Bwana Gu hakuja.
Siku tatu. Wiki. Nafasi yake kwenye mstari
tuliiacha wazi, hakuna aliyesema tuiache.
Theluji ikaijaza.
Alirudi mwezi wa nne, amepungua, kovu chini ya kwapa.
"Moja ilikua," akasema. "Sasa nina mjukuu mmoja."
Tulipofika kwenye upinde
mkono wa kushoto ulinyooka, wa kulia ukaishia begani.
Upinde nusu. Ruan, aliyekuwa mbele yake,
akaushusha wake mpaka hapo hapo.
Kisha mimi. Kisha mstari mzima.
Miao akaangalia pembeni, akahesabu kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Siku yangu ilipofika nilivaa soksi mpya, sijui kwa nini.
Mashine iliniambia nivute pumzi, niizuie.
Niliizuia mpaka fundi akagonga kioo:
"Shangazi, tumemaliza, unaweza kupumua."

"Sita," alisema Daktari Xue. "Hakijasogea. Rudi baada ya mwaka."
Nilitaka kufurahi, nikakuta furaha nayo
imeandikiwa tarehe ya kurudi.

Jioni nikaosha choroko za uji.
Moja iliponyoka, ikabingirika chini ya kabati.
Nilipiga magoti na tochi,
mashavu sakafuni, natafuta
kama mtu aliyeangusha pete.
Niliipata karibu na ukuta, imejaa vumbi.
Nikaipuliza, siiii,
nikairudisha kwa wenzake.