Mwongozaji Hubaki Mlangoni

Tunaanza saa mbili, kabla mawe hayajashika moto.
Leo ni familia moja kutoka Kitale:
baba, mama, shangazi mwenye goti bovu,
na Barasa, miaka tisa, asiyetaka kushikwa mkono.
Nawagawia vikoi na mitandio, nawaambia:
punda akija, nyinyi ndio mpishe. Yeye ana mzigo.

Msikiti wa kwanza ni mdogo kuliko jiko la mtu.
Kwenye birika mna vijisamaki
vinavyokula viluwiluwi vya mbu.
Shangazi anauliza: je, nao muda wote wana udhu?
Miaka kumi na moja ya kazi hii,
hilo sijapata kuulizwa.

Kisha kaburi. Sherifu mmoja, wasemavyo watu,
alishuka hapa na msahafu na kikohozi.
Kikohozi hakikumwacha hadi kufa,
ndiyo maana wenye vifua humletea marashi.
Ukutani palipachikwa bakuli za Uchina;
yamebaki matundu ya mviringo, kama mato.
"Nani aliziiba?" baba anauliza.
"Wageni," nasema.
Halafu, kwa kuwa tumesimama kaburini:
"Na sisi."

Saa tano tuko Mkomani, msikiti wa mtaa wetu.
Hapa huwa nasimama kwenye jiwe la kusugulia miguu
na kuieleza mihrabu niliyoihifadhi kwa ghibu kama Yasini:
nguzo mbili, maua kumi na manne, nyota saba,
chokaa ya matumbawe iliyochomwa kwa magogo ya mkoko.
Wanaume huingia wakatazama.
Sisi wanawake twabaki na viatu.

Aliyeikarabati ni baba yangu, Lali Skanda.
Nilikuwa na miaka minne, nimemshikia kopo la maji.
"Ndoo, mwanangu, tiya chanda hapa,
chokaa ingali mbichi.
Chini ya nyota ya tatu, imamu asione."
Hivyo ndivyo alivyonihadithia, kila Idi, akicheka.
Mimi nakumbuka kupulizwa kidole tu, kwa kuwa chokaa huunguza,
na hata hilo sijui kama nalikumbuka
au nimelisikia mara nyingi.
Alipokufa, waoshaji walishindwa
kuutoa weupe kwenye kucha zake.

Sijawahi kumtuma mtu.
Imamu ningemwambiaje? Na wageni wamelipa kuona,
hawakulipa kuniangalizia.
Lakini Barasa anavua ndara kwa pupa,
nami najikuta nimeinama sikioni mwake.

Wanakaa ndani kitambo.
Mama yake anasimulia juu ya mahindi, mvua, bei ya mbolea.
Naitikia. Sisikii.

Anatoka mbio.
"Matundu yako mengi. Moja kidole kimeingia mpaka hapa."
Ananionyesha kiungo cha kwanza, kina vumbi jeupe.
"Lakini nyota ni sita."
"Saba," nasema.
"Nimehesabu mara mbili."

Baba yake anamkemea, ati usibishane na wakubwa.
Adhana ya adhuhuri inatukuta papo hapo.
Shangazi anataka soda, goti limegoma,
kwa hiyo makaburi mawili ya mwisho
nayaeleza tumekaa kwenye baraza la muuza maji ya ukwaju,
nikiyaonyesha kwa kidole, kule nyuma ya ule ukuta.
Wananilipa ada kamili. Baba anaongeza mia mbili.

Usiku nachambua mchele.
Namwita Shufaa, mtoto wa jirani, miaka minne,
namwambia lete chanda chako nikione.
Nakiweka juu ya changu.
Kinafika hapa, au hapa, hatulii huyu mtoto.
Nampa kipande cha halua, anakwenda zake.

Kesho nina wageni wanane, wote wanaume.
Nitasema nyota sita.