Kiraka cha Erundina

Siku hiyo mvua iligoma, jambo adimu Galicia,
basi nikaja na mvua yangu mwenyewe:
ndoo moja, kikombe cha bati,
na taulo kuukuu la hospitali ninakofanya zamu za usiku.

Bibi Erundina alisimama kando na aproni yake,
mikono imeiva kwa mvuke wa sufuria za shaba.
Ni mpishi wa pweza; magulio yote ya huku yanamjua.
"Kagua," akasema. "Gari haliumi."

Nikakagua.
Sikutaka kununua mbuzi kwenye gunia,
na gunia lenyewe ndilo nililolihofia:
injini ina fundi wake, breki zina duka lake,
lakini paa la turubai lina umri wa kila jua lililolipiga.

Nilianza kwenye mikunjo, pale kitambaa kinapopiga goti
kila paa linapolazwa nyuma ya viti.
Nikapitisha kidole juu ya mishono, polepole,
kama nitafutavyo mshipa kwenye mkono wa mgonjwa mzee.
Uzi ulikuwa bado unabisha.
Mipira ya milango imekauka, imepasuka midomo.
Dirisha la nyuma, lile la plastiki,
lilikuwa na mtoto wa jicho, manjano, tangu pembe hadi pembe;
dunia ya nyuma ilionekana, ila kwa kusimuliwa.

Nikanusa zulia.
Chini ya manukato ya limau palikuwa na unyevu,
na chanzo cha unyevu, majani ya mkaratusi
yaliyoziba tundu la kutolea maji.
Nikayachokoa kwa waya.
Maji ya misimu mingapi sijui
yakatoka yakikoroma.

Ndipo nikakiona kiraka.
Juu ya kiti cha nyuma, kulia, kipana kama shibiri,
kitambaa cha mistari ya buluu
kilichoshonwa kwa uzi wa magunia,
hatua ndefu ndefu, za mtu mwenye haraka au hasira.
"Wezi?" nikauliza,
na moyoni nimeshapunguza euro mia nne.

"Mimi."

Agosti, siku ya gulio. Mjukuu ndani, Noa, miezi kumi na minne.
Funguo ndani, kazichezea mwenyewe, milango ikajifunga, tik.
Huyu anatafuta jiwe, yule anatafuta polisi,
wengine wanabishana ni kioo kipi rahisi kuvunja.
"Nilikuwa na mkasi wa pweza mkononi," akasema.
"Sikumuuliza mtu."
Kisha akashika ncha ya aproni: mistari ileile ya buluu.

Wahenga walituachia neno la ufa na ukuta.
Hawakusema lolote juu ya ufa uliogeuka mlango.

Nikakimwagia kiraka maji, kikombe baada ya kikombe.
Kwa ndani tone moja lilijikusanya,
likafikiri, likabaki palepale.
Nikalipa bei aliyoitaja.
Nilitaka kuongeza; lakini mshahara wa muuguzi
ni mshahara wa muuguzi.

Sasa kila Oktoba, kivulini:
brashi laini, sabuni isiyo kali, maji mengi,
siku mbili za kukauka bila kukunja,
maana turubai likikunjwa bichi
huota kuvu kimyakimya, kama kinyongo.
Halafu dawa ya kuzuia maji, matabaka mawili.
Glisirini kwenye mipira.
Waya kwenye tundu, hata nikijua ni safi.

Fundi mmoja wa Ourense anataka kunibadilishia paa zima.
Amepiga hesabu, ameleta vipande vya kuchagua, cheusi, kahawia.
Dirisha, nikamwambia, sawa. Mipira, sawa.
Hiki, hapana.
Akakikwaruza kwa ukucha.
"Kimeshonwa vibaya."
"Vibaya sana," nikakubali,
nikafunga vishikizo viwili vya mbele, nikaondoka kuwahi zamu.

Kabla ya daraja mvua ilianza.
Nilizima redio,
nikategea sikio upande wa kulia.